Vijiji vya Mistari

Tarehe 4 Agosti 1879 Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa dunia nzima waraka, akiwaagiza wairudishe falsafa ya Mtakatifu Thoma wa Akwino kwenye seminari zao. Ulaya ya wakati ule ilijaa fikra ambazo Roma iliziona sumu tupu: Descartes aliyeanza na shaka, Kant aliyempa binadamu madaraka ya kujiwekea sheria za maadili kwa akili yake mwenyewe, waliberali na mabunge yao, wazalendo waliotaka kila taifa liwe na dola yake. Dawa ikatafutwa kwa mtawa wa karne ya 13. Siku nane baada ya waraka huo, Kapteni Ernest Cambier wa jeshi la Ubelgiji alifika Karema, mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, akaanza kujenga kituo kwa niaba ya chama cha kimataifa cha Mfalme Leopold II. Cambier hakutumwa na Papa. Nyuma yake walikuwa watu wa vyama vya jiografia waliokutana Brussels mwaka 1876, wakiamini kwamba sayansi, biashara na ustaarabu vitaikomboa Afrika. Mwaka 1885 kituo chake kilikabidhiwa wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mapadre Weupe, na zile Ulaya mbili zilizokuwa zikigombana kwao zikalala chini ya paa moja, mahali ambapo leo ni mkoa wa Katavi.

Kutoka Mpanda mjini mpaka Karema ni zaidi ya kilomita 100. Gari la abiria nililopanda lilijaa magunia, madumu ya mafuta ya kula na kuku waliofungwa miguu, na kwa sehemu kubwa ya njia hakuna cha kutazama ila miombo. Kisha ardhi inashuka na ziwa linatokea kwa mkupuo, na ng'ambo, siku ikiwa safi, milima ya Kongo. Ngome ya Cambier ilipojengwa maji yalikuwa karibu. Miaka ile ziwa lilikuwa limejaa kupita kiasi mpaka likajifungulia njia ya kutokea upande wa magharibi, kwenye Mto Lukuga. Baada ya hapo likawa linashuka mwaka hadi mwaka, na ngome iliyojengwa ya ziwani ikaachwa nchi kavu. Kati ya majengo ya misheni na ufuko pamebaki tambarare ya kulima.

Imani ya wale watu wa Brussels katika sayansi haikuwa ya mchezo. Mwaka huo huo wa 1879 Leopold aligharamia tembo wanne kutoka India, wakateremshwa Msasani, Dar es Salaam, ili ijulikane kama mnyama aliyefunzwa anaweza kuchukua nafasi ya wapagazi. Kiongozi wa msafara alikuwa Frederick Carter. Tembo walianza kufa njiani, na jaribio halikufika popote. Carter mwenyewe aliuawa Mpimbwe mwezi Juni 1880, pamoja na mwenzake Cadenhead, walipojikuta katikati ya vita vya mtemi Mirambo wa Wanyamwezi na washirika wake. Mpimbwe nayo iko Katavi. Tembo wa porini wa eneo hili wamepita miaka yote hiyo bila kubeba mzigo wa mtu.

Watu wa Mpanda niliowaambia kwamba natafuta nyayo za falsafa ya Kizungu mkoani kwao walinionea huruma. Katavi inajulikana kwa mahindi, mpunga, asali, viboko na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Ilizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na mpaka leo wengi huko Dar es Salaam wanaiona ni mwisho wa reli. Reli yenyewe, tawi linalotoka Kaliua, ilifika hapa mwaka 1950 kwa sababu ya madini ya risasi. Sasa, fikra hazisubiri vyuo vikuu ndipo zisafiri. Huku ziliingia kwa njia ya kupanga makazi. Kila kundi la wenye mamlaka lilikuja na jibu lake la swali binadamu ni nani, na kila moja lilianza kazi kwa jambo lile lile: kuwakusanya watu waliotawanyika na kuwajengea nyumba kwa mistari.

Karema ndipo mstari wa kwanza ulipochorwa. Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868, aliota ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika. Mtu aliyepewa kazi ya kuulinda alikuwa Léopold Joubert, Mfaransa. Huyu Joubert, akiwa kijana wa miaka 18, alipigana kama askari wa Papa huko Castelfidardo mwaka 1860, dhidi ya jeshi lililokuwa likiiunganisha Italia kuwa taifa moja. Upande wake ulishindwa, na mwaka 1870 Roma yenyewe ikatekwa. Basi mtu aliyepigwa na utaifa wa Italia akaja Ziwa Tanganyika miaka ya 1880 kusaidia kujenga dola isiyokuwa ya taifa lolote, ambayo raia wake wangekuwa watumwa waliokombolewa. Alianzia Karema, akavuka kwenda Mpala, akaoa mwanamke wa huko, akafia upande wa Kongo mwaka 1927. Ufalme haukuwa. Wajerumani na Leopold walikuwa wamekwisha kuligawana ziwa kwa rula.

Kilichobaki ni kijiji. Misheni ilinunua watoto na watu wazima kutoka kwenye misafara ya watumwa, ikawafundisha, ikawaozesha, ikawapa nyumba na shamba, na siku yao ikagawanywa na kengele. Padre alikuwa mzazi, mwajiri na hakimu. Msomaji wa leo atauliza uhuru ulikuwa wapi hapo, na ana haki ya kuuliza: mtu alitolewa kwenye mnyororo akaingizwa kwenye ratiba. Lakini katika ratiba hiyo hiyo mlikuwa na jambo ambalo wazee wa koo hawakulitarajia. Mtu aliambiwa kwamba ana roho yake peke yake, atakayoijibia peke yake, na kwamba hakuna baba wala mjomba wa kumjibia. Wasichana ndio waliolichukua jambo hilo wakalitumia kuliko wote. Shirika la Masista wa Maria Malkia wa Afrika lilianzia hapa Karema mwaka 1907, chini ya Askofu Adolphe Lechaptois, na kwa binti wa Kifipa au wa Kibende wa wakati ule kusema hataolewa ilikuwa ni kuitingisha familia nzima: mahari haiji, wajukuu hawapo, ukoo unapungua. Ugomvi wa wazazi na mabinti waliokimbilia kwa mapadre ni sehemu ya historia ya Ufipa yote. Tukisema kwamba wazo la mtu binafsi mwenye hiari yake lilifika nyanda za magharibi, tuwataje wasichana hawa kwanza kabla ya msomi yeyote.

Katekista mmoja mstaafu alinitembeza makaburini, akiondoa majani kwa ncha ya mkongojo wake. Askofu Lechaptois amezikwa Karema. Alifariki mwaka 1917. Lakini kaburi alilotaka nilione yeye ni la Adrian Atiman, ambaye alimwita "daktari wetu" kama vile kaondoka juzi. Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu kwenye miaka ya 1860, akatekwa utotoni, akauzwa kupitia jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria. Lavigerie alikuwa amefungua Malta chuo cha kuwasomesha vijana wa Kiafrika udaktari, kwa hoja kwamba Afrika itabadilishwa na Waafrika. Atiman akasoma huko, akaja kwa miguu kutoka pwani, akafika Karema mwaka 1889. Alitibu hapa mpaka alipokufa mwaka 1956, miaka 67. Aliwaona Wajerumani wakija na wakiondoka, akawaona Waingereza, na alibakiza miaka mitano tu auone Uhuru. Mwanawe Joseph akawa padre. Mtu huyu alisomea anatomia katika chuo kikuu cha Ulaya, kisha akafundisha na katekisimu, na wagonjwa wake hawakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Na ule waraka wa Papa? Nao ulifika, polepole, kwa njia ya vijana waliotoka vigango vya ziwani kwenda seminari. Seminari Kuu ya Kipalapala, karibu na Tabora, ilifunguliwa mwaka 1925, na huko mwanafunzi alisoma falsafa kabla hajagusa theolojia: mantiki, maumbile, nafsi, sheria ya asili, manufaa ya wote, yote kwa Kilatini na kwa mpangilio wa Thoma. Hivyo kijana kutoka Karema alimfahamu Kant kwanza kupitia hoja za kumpinga. Thoma, kwa upande wake, alikuwa na zawadi kwa Mwafrika ambayo mapadre wengine hawakuitambua haraka. Alifundisha kwamba akili ya kujua jema na baya imo katika kila binadamu kabla hajasikia Injili, na kwamba imani haina haja ya kuyabomoa maumbile ili ijenge juu yake. Ukilichukua fundisho hilo mpaka mwisho, mila za Wabende na Wapimbwe haziwezi tena kuwa giza tupu.

Mtu aliyelichukua hilo mbali zaidi alikuwa ng'ambo ya ziwa. Placide Tempels, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, alichapisha huko Katanga mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, akidai kwamba Waluba wana elimu kamili ya uhai na nguvu ambayo Wazungu hawakuwahi kuiona. Wakubwa wake hawakufurahi, akarudishwa Ulaya kwa muda. Baadaye, katika miaka ya 1950, mikutano yake na wachimba madini wa Kolwezi ikazaa kundi la Kikatoliki lililoitwa Jamaa, lililofundisha kwa Kiswahili juu ya uzima, uzazi na mapendo. Wanafalsafa wa Kiafrika, kina Paulin Hountondji wa Benin, walikuja kumshambulia Tempels vikali kwa kuwafanya Waafrika wote wafikiri kitu kimoja kana kwamba ni kwaya, na nadhani walikuwa na haki. Hata hivyo wachimba madini wa Kolwezi hawakumngojea Hountondji. Walikuwa wamekwisha kuyachukua mawazo ya padre wao wakayafanya ya kwao, ndoa zao na ndoto zao zikiwa ndiyo maktaba.

Kurudi Mpanda kutoka ziwani ni kupita nchi ambayo mgeni mwingine aliipita kwa miguu kabla ya Cambier. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akiikwepa vita ya Mirambo, alizunguka kusini kupitia Ukonongo ndipo akaelekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Mwanzoni mwa 1872 wote wawili wakapita tena nchi hii ya Wabende na Wakonongo kwenda Tabora. Stanley alijitangaza kuwa Mmarekani. Ukweli ni kwamba alizaliwa Denbigh, Wales, kwa jina la John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, na Kiwelsh ndiyo lugha aliyoanza nayo. Aliificha asili yake kwa sababu katika Uingereza ya Malkia Victoria kuwa Mwelsh maskini hakukuwa na faida.

Mwaka ule ule wa 1872 alipotoka kwenye miombo hii, wenzake aliowaacha nyuma walifungua chuo kikuu chao Aberystwyth, kwa michango midogo midogo iliyokusanywa makanisani. Habari ya Wales inafaa kutajwa Katavi. Huko nako fikra kubwa za Ulaya ziliingia kwa mlango wa kanisa: wahubiri waliosoma Kant na Hegel walizimimina kwenye mahubiri ya Kiwelsh, na mtoto wa fundi viatu wa Llangernyw, Henry Jones, akapanda mpaka kuwa profesa wa falsafa ya maadili Glasgow, akifundisha kwamba mtu hukamilika ndani ya jamii na kwamba dola ipo kwa ajili ya ustawi wa wote. Kizazi kilichofuata, Saunders Lewis, mmoja wa waanzilishi wa chama cha Plaid Cymru mwaka 1925, aliingia Ukatoliki na kuitazama Ulaya ya Zama za Kati, kabla ya mataifa kujitukuza, kama kipimo cha utaifa wa Wales. Taifa dogo lisilo na dola likajifikiria kwa vifaa vya kuazima, na likaendelea kufikiri kwa lugha yake.

Fikra za ukoo wa Henry Jones, na za mwalimu wake wa mbali T. H. Green wa Oxford, zilikuwa bado zinafundishwa katika vyuo vya Uskoti alipofika Edinburgh, mwaka 1949, kijana mmoja kutoka Butiama. Julius Nyerere alipelekwa huko akitokea kwenye mikono ya Mapadre Weupe: alikuwa mwalimu katika shule yao ya St. Mary's, Tabora, na padre Richard Walsh alimtia moyo asome zaidi. Kabla ya hapo, akiwa Makerere, alikuwa amesoma John Stuart Mill juu ya kukandamizwa kwa wanawake na mwaka 1944 akaandika insha akiipima hoja hiyo kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki. Edinburgh, kiti cha profesa wa falsafa ya maadili kilikaliwa na John Macmurray, Mskoti aliyefundisha kwamba nafsi haiwi nafsi mpaka iwe na mwenzake. Nyerere aliporudi mwaka 1952 alikuwa na uhuru wa Mill mkono mmoja na manufaa ya wote mkono mwingine, na juu ya yote hayo misa ya asubuhi. Mwaka 1962 akaandika kijitabu cha Ujamaa, akisema msingi wake ni familia ya Kiafrika. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitoka Februari. Machi mwaka huo huo Papa Paulo VI akatoa waraka wake juu ya maendeleo ya watu, na mapadre wengi wa Tanzania waliousoma waliona kama Roma na Arusha wameketi meza moja.

Lakini Katavi ilikuwa imekwisha kukusanywa mara ya pili hata kabla ya Nyerere. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza, ikiongozwa na Dakta George Maclean, iliwaondoa watu wa magharibi kwenye misitu ya ndorobo na kuwaweka katika makazi ya malale. Falsafa ya hapo ilikuwa hesabu ya faida na hasara: wachache wasumbuke kuhama ili wengi wasife. Nilikaa Inyonga, mashariki ya Mpanda, kwenye kibanda cha mama lishe ambaye bibi yake aliletwa kwa amri hiyo. Ugonjwa ulipungua, hilo halina ubishi. Bibi, alisema, hakuacha kulalamika kwamba mashamba mazuri yalibaki kule porini na makaburi vilevile.

Wakonongo ni watu wa asali. Mzinga wao wa zamani unatengenezwa kwa gome la mti: fundi analikata gome juu na chini kwa shoka, analipasua kwa urefu, analibandua kwa kabari taratibu lisichanike, kisha analirudishia umbo la duara na kulishona kwa vijiti. Mti uliobanduliwa hufa, ndiyo maana siku hizi wanahimizwa watumie mizinga ya mbao. Mzinga unapandishwa juu ya mti mbali kabisa na kijiji, na msimu ukifika wanaume wanahamia kambini msituni kwa wiki nyingi. Kazi kama hiyo haikai kwenye mstari wa nyumba. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi kijijini sasa ni lazima, kazi ikamilike kufikia mwisho wa 1976, na Operesheni Vijiji ikapita huku kama ilivyopita kwingine, ikiwa na malori na vigingi vya kupimia. Msomi wa Marekani James C. Scott, katika kitabu chake cha mwaka 1998 juu ya dola zinazotaka kuona kila kitu kwa mpangilio, aliutumia mfano wa Tanzania kuonyesha jinsi mistari ilivyoyapendeza macho ya mpimaji kuliko miguu ya mkulima. Nakubaliana naye nusu. Shule na zahanati zilifika kwa sababu ya mistari hiyo, na mama lishe wangu wa Inyonga alijua kusoma kwa sababu ya mistari hiyo. Wanaume wa kijiji chake, hata hivyo, waliendelea kwenda kambini kila msimu, mwenyekiti akiwemo.

Mwaka 1974, wakati watu wakikusanywa, wanyama nao walitengewa makazi: Hifadhi ya Taifa ya Katavi ikatangazwa. Wazo kwamba kuna nchi isiyopaswa kukaliwa na mtu ili maumbile yabaki safi ni wazo la Kizungu la karne ya 19, na lina historia yake kwa washairi na wachoraji kabla halijafika kwa askari wa wanyamapori. Sitalike, kilomita 35 hivi kusini mwa Mpanda, barabara inavuka Mto Katuma, na kiangazi unaweza kusimama juu ya daraja ukawatazama viboko waliobanana kwenye tope hadi mgongo wa mmoja hauna nafasi ya kugeuka bila kumuudhi jirani. Ndani zaidi, kando ya Ziwa Katavi, upo mkwaju ambao wenyeji wanasema ni makao ya roho ya Katabi, mwindaji wa kale aliyeipa nchi hii jina lake. Watu huja kuomba mvua na heri, wakiacha sadaka shinani. Hifadhi inasema hapakai mtu. Mkwaju una wenyewe. Watalii wanaonyeshwa mti huo kama kivutio, na baadhi ya wanaoleta sadaka ni Wakristo waliobatizwa. Mapadre wa zamani wangeiita hali hiyo kurudi nyuma. Mimi niliona watu wanaojua kila ofisi inashughulikia nini.

Mkusanyo wa mwisho ndio mkubwa kuliko yote, na ndio uliobeba fikra hatari kuliko zote. Mwaka 1863 John Hanning Speke alichapisha kitabu cha safari zake akidai kwamba watawala wa nchi za Maziwa Makuu walikuwa jamii ngeni kutoka kaskazini, bora kuliko waliotawaliwa. Ulikuwa uvumi uliovaa koti la sayansi, ukiungwa mkono na nadharia za rangi zilizotamba Ulaya wakati huo. Uliingia mashuleni na maofisini Rwanda na Burundi, ukawafanya Wahutu na Watutsi wajitazame kwa kioo hicho. Mwaka 1972 serikali ya Michel Micombero ya Burundi iliwaua Wahutu laki moja au zaidi, wasomi kwanza. Waliosalimika walivuka mpaka kwa makumi ya maelfu, na Tanzania ikawapa misitu: Ulyankulu upande wa Tabora, Katumba karibu na Mpanda, kisha Mishamo kaskazini magharibi. Nyumba kwa mistari, vijiji vilivyopangwa, barabara zilizonyooka, na mwezeko wa nyasi chini ya miombo iliyokatwa kwa mkono.

Mishamo ikawa maabara ya swali la taifa. Katikati ya miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Liisa Malkki, mzaliwa wa Finland, alikaa na wakimbizi hawa, na kitabu chake cha mwaka 1995 kinaonyesha jambo la kushangaza. Warundi waliojichanganya Kigoma mjini walikuwa wameanza kujisahau: leo Muha, kesho Mmanyema, inategemea nani anauliza. Wale wa Mishamo, waliofungiwa pamoja msituni, walikuwa wametunga historia nzima ya taifa la Kihutu lililotakaswa na mateso, na ukimbizi wenyewe ukawa shule ya taifa hilo. Huko huko Mishamo, mwaka 1980, Rémi Gahutu alianzisha chama cha Palipehutu, kilichokuja kupigana Burundi. Johann Gottfried Herder, aliyefundisha katika karne ya 18 kwamba taifa ni watu wa lugha na kumbukumbu moja, angewatambua mara moja, na pengine angeogopa.

Lakini upo ukoo mwingine wa fikra. Mwaka 1882 Ernest Renan alisimama Sorbonne, Paris, akasema taifa halitokani na damu wala lugha. Linatokana na watu kukubali kila siku kuishi pamoja, na kukubali kusahau baadhi ya mambo. Mwaka 2007 na 2008 serikali ya Tanzania iliwauliza wakimbizi wa 1972, mmoja mmoja, kwa fomu: kurudi Burundi au kuwa Mtanzania? Wanne kati ya watano walichagua Tanzania. Ni vigumu kufikiria mahali pengine duniani ambapo hotuba ya Renan imewahi kugeuzwa kuwa fomu ya kujaza. Nayo dola, kwa mazoea yake, ikaweka sharti la mistari: ili wapate uraia wa tajnisi, wahame Katumba na Mishamo, watawanywe mikoa mbalimbali wakachanganyike. Safari hii waliosogezwa mara moja walikataa kusogea mara ya pili. Miaka ikapita vyeti vikiwa vimezuiwa. Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete alianza kuwakabidhi, zaidi ya watu 160,000, na wakabaki walipo.

Siku niliyokwenda Katumba ilikuwa ya soko. Kirundi kilisikika kati ya wazee, Kiswahili kila mahali pengine, na Wasukuma walioleta ng'ombe walikuwa wakibishana bei na vijana ambao babu zao walizaliwa Burundi. Kanisani, kwenye ubao wa matangazo, orodha ya jumuiya ndogo ndogo ilikuwa na majina ya kila asili. Muuza maharage mmoja, mama wa makamo aliyezaliwa Katumba mwenyewe, alinieleza habari ya cheti chake kwa ufupi sana, kama mtu anayeeleza namba ya simu. Alichotaka kuzungumza nami ni kivuko kilichobomoka mvua za mwisho, ambacho watoto wanakivuka kwa kushikana mikono kwenda shule. Aliposikia naandikia jarida alifuta mikono kwenye kanga, akanivuta pembeni ya meza na kunitajia, kwa mpangilio, ni mikutano gani ya kijiji suala hilo lilijadiliwa, nani aliahidi nini, na kwamba yeye ni mpiga kura na kura anaipiga, sasa anataka jibu kwa maandishi.